Lengo la Leo, Darasa la Tatu A

Jumatatu, 3 Juni

Mambo yameharibika na wiki ndiyo kwanza imeanza.

Asubuhi kikao cha walimu. Mwalimu Mkuu ni mama asiyepandisha sauti. Akikasirika ndiyo anaishusha, mpaka unainama kumsikia kama mtu anayesomewa hukumu. Leo aliishusha sana. Alisema mkaguzi anakuja Ijumaa. Alisema kila kipindi, kila darasa, lengo la somo liandikwe mahali ambapo mtoto wa mwisho kabisa analiona. Na kuandika peke yake hakutoshi. Mkaguzi atamsimamisha mtoto yeyote na kumuuliza mambo mawili: unajifunza nini, na utajuaje kama umejifunza.

Walimu wote wakageuka kunitazama. Wote! Hata mwalimu wa michezo, ambaye hana hata ubao.

Ni kwa ajili ya ukaguzi uliopita. Mkaguzi yule wa zamani aliliuliza darasa langu linajifunza nini. Hakuna aliyejibu. Akauliza tena. Ndipo mvulana mmoja, tunamwita Mdadisi, akanyoosha kidole na kusema kwa adabu zote kwamba wanajifunza kunyamaza. Iliandikwa kwenye ripoti neno kwa neno.

Baada ya kikao Mwalimu Mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Nikajua.

"Mwalimu," akasema, chini kabisa, "yakitokea tena yale, muhula ujao utashika stoo ya vitabu. Watoto wako nitawapeleka kwa jirani yako."

Stoo ya vitabu! Haina dirisha. Mzee aliyeishika mwisho alitoka akiwa anaongea na maboksi.

Na jirani yangu ni nani? Ni Bi Mstari wa Tatu B. Watoto walimpa jina hilo kwa sababu mwandiko wake umenyooka kama uzi wa fundi. Mwandiko wangu unafanana na mahali kuku alipoparua. Tunatenganishwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo siku nzima namsikia akifundisha. Siyo raha.

Tena kuna jambo jingine, na hili nimemwambia mke wangu peke yake. Mwalimu wa taaluma anastaafu. Nafasi yake ina ofisi yenye pazia na kiti cha magurudumu. Bi Mstari anaitaka. Mimi pia. Mke wangu ni fundi cherehani. Nilipomwambia alicheka mpaka akajichoma sindano.

Sitaenda stoo. Nitapata mpango.

Jumanne, 4 Juni

Mpango nimeupata nikiwa naoga!

Kwa nini kuandika lengo jipya kila kipindi wakati naweza kuandika moja likatumika milele? Nilikata kadibodi ya boksi la sabuni. Nikaandika: MWISHO WA SOMO MWANAFUNZI AWEZE KUELEWA SOMO. Nikaitundika kabla kengele haijalia. Inafaa hesabu. Inafaa sayansi. Inafaa hata mapumziko. Nilikaa nikaitazama, nikajionea huruma kwa miaka yote niliyohangaika.

Saa ya pili Mwalimu Mkuu akapita. Akasimama. Akaisoma polepole kama anayetafuta chawa.

Aliuliza kuelewa kunaonekanaje. Nikasema kunaonekana usoni. Akaniomba nimuonyeshe. Mbele ya watoto! Sikuwa na njia, nikatengeneza uso wa kuelewa. Nadhani ulikuwa mzuri. Akasema uso kama huo ameshauona kwa watu wanaotafuta choo.

Watoto walicheka. Mdadisi alijaribu kuuiga akaanguka kutoka kwenye benchi.

Mwalimu Mkuu akanichukua hadi mlangoni kwa Bi Mstari, akanionyesha ubao. Juu kabisa, kwa herufi zilizosimama kama askari: *Niweze kutaja sehemu tano za mmea na kuonyesha kila sehemu kwenye mmea halisi.* Akasema tazama kitenzi. Kutaja, kuonyesha, kupima, kuchora: kitendo unachoweza kukiona kwa macho. Tena ni la mtoto mwenyewe, anajisemea "niweze". Mtoto akimaliza anajua amefika au hajafika.

Bi Mstari alisimama pembeni, mikono nyuma, akitabasamu kistaarabu. Tabasamu la kistaarabu ndilo baya kuliko yote.

Nikarudi darasani na kadibodi yangu kwapani. Wakaguzi wanakuja kwa watu wengine kama mvua. Kwangu wanakuja kama paa linaloanguka.

Lakini ile ziara haikwenda bure. Wakati Mwalimu Mkuu anaongea niligundua kitu. Kwenye ukuta wa mbao kati yetu kuna tundu.

Jumatano, 5 Juni

Tundu liko usawa wa bega langu. Nikiinama kidogo kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, naona ubao wa Bi Mstari wote. Ajabu ya Mungu!

Asubuhi nikafunga kamba ya kiatu. (Nilivaa viatu visivyo na kamba. Nitabadilisha kesho.) Nikasoma, nikageuka, nikaandika juu ya ubao wangu mbio mbio kabla sijasahau: *Niweze kutenganisha wanyama wanaotaga na wanyama wanaozaa.*

Kitenzi kinaonekana. "Niweze" ipo. Nikapumua.

Tatizo ni kwamba kwangu kilikuwa kipindi cha hesabu. Tulikuwa kwenye jedwali la sita.

Mdadisi akanyoosha kidole. "Mwalimu, sita inataga au inazaa?"

Nikasema tutaliona kesho. Ndilo jibu langu la maswali magumu, na nadhani ndiyo sababu watoto wananiita Mwalimu Kesho. Mke wangu anasema si jina la sifa. Mimi naona ni kwa vile natazama mbele.

Hawakunyamaza. Darasa likagawanyika. Upande wa dirishani wakasema sita inazaa, kwa sababu ukiiweka mara mbili inakuwa kumi na mbili. Hoja nzuri, kusema kweli. Upande wa mlangoni wakasema inataga, mbona ina umbo la yai chini. Na hiyo nayo haikuwa mbaya. Ilibidi nigonge meza na dasta mpaka vumbi la chaki likanipalia. Nikakohoa mbele yao kama gari bovu. Upande wa pili wa ukuta kukawa kimya ghafla. Alikuwa anasikiliza!

Nikiwa bado nakohoa nikamkamata yule msichana tunayemwita Mgeni. Alihamia muhula huu. Anakaa nyuma kabisa, kando ya kabati. Haongei, hajibu, hasomi. Nimeshaandika kwenye ripoti yake kwamba ni mzito. Leo alikuwa anachungulia daftari la mwenzake na kunakili. Mimi siwezi kuvumilia mtu wa kunakili! Nikamwambia macho mbele. Akainua uso, akakunja macho yake kana kwamba ubaoni kuna jua. Jeuri ya kimyakimya. Ndiye atakayenipeleka stoo huyu, nimeona. Akisimamishwa Ijumaa nimekwisha.

Jioni sikula vizuri. Mke wangu akaniuliza, kwani wewe mwenyewe unataka watoto wajue nini Ijumaa? Nikamwambia nataka wajue la kumjibu mkaguzi. Akaniangalia, akarudi kwenye cherehani yake.

Alhamisi, 6 Juni

Naandika nikiwa na aibu hadi kwenye visigino.

Nilivaa viatu vya kamba. Nikainama. Bi Mstari ameshaandika, herufi zake zimenyooka, zinapendeza. Nikasikia hatua za mtu kwenye ujia, nikageuka na kuandika haraka yote niliyoyabeba kichwani bila kuyatazama. Kisha nikaagiza darasa lisome kwa pamoja, kwa sauti, ili aliye nje asikie jinsi tunavyofanya kazi.

Wakasoma. Wana sauti nzuri wanapotaka.

"NIWEZE KUNAKILI LENGO LA JIRANI BILA KULISOMA."

Niliwaomba warudie, nikidhani nimesikia vibaya. Wakarudia. Kwa nguvu zaidi.

Mwenye hatua alikuwa Mwalimu Mkuu. Alisimama mlangoni, daftari amezikumbatia kifuani. Nyuma ya ukuta wa mbao nikasikia mtu anazuia kicheko kwa leso. Alinitegea! Mwanamke yule mstaarabu alinitegea kama panya!

 Mwalimu Mkuu akasema, na ilibidi niende karibu ili nisikie, kwamba kesho mkaguzi ataanzia kwangu. Na kwamba yeye mwenyewe atakaa naye humu ndani kipindi chote.

Nilikaa juu ya meza ya mtoto. Ikavunjika.

Mchana mzima nilikuwa kama mtu aliyemeza kijiko. Halafu, wakati watoto wanafagia, akili ikafunguka. Kosa langu ni mwandiko. Mkaguzi akiona mwandiko kama wangu anakosa imani tangu mlangoni. Na nani kwetu ana mwandiko? Shemeji! Mdogo wa mke wangu anachora mabango ya maduka, mji mzima unasoma kazi yake. Nikampigia simu. Nikamtajia lengo la kesho. Kesho tuna vipimo vya urefu, basi nikajitungia mwenyewe, bila tundu: *Niweze kupima urefu wa dawati kwa rula na kuandika jibu kwa sentimita.* Nikamwambia alichore kubwa, ukutani, juu ya ubao, rangi ya mafuta. Kubwa mpaka mkaguzi alione akiwa bado njiani. Shemeji akasema, "Shem, niachie mimi, hilo wataliona hata vipofu." Nikamwachia ufunguo, nikaenda zangu.

Kabla ya kuondoka nililifanyisha darasa mazoezi. Niliwafundisha jibu moja tu: sentensi ile ile, neno kwa neno, wakiulizwa chochote. Tulirudia mpaka mwalimu wa michezo akaja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Na Mgeni nimempangia. Kabati lile lina mlango mpana. Nitauacha wazi, yeye atakaa nyuma yake. Hataonekana. Hii siyo kumficha. Ni kumpumzisha.

Mungu nisaidie kesho.

Ijumaa, 7 Juni

Kwa utaratibu, la sivyo sitaweza.

Nilifika shuleni mapema kuliko mlinzi. Nikafungua mlango. Lo! Herufi nyekundu, kila moja urefu wa mkono wangu, zimezungushiwa kivuli cha manjano. Lengo lote, bila kosa hata la nukta. Nilisimama nikaona kiti cha magurudumu kinanijia chenyewe.

Kisha macho yakashuka mstari wa chini. Mazoea ya kazi, mkono wa shemeji ulijiendea wenyewe:

KARIBUNI WATEJA WOTE.

Na mshale unaoelekea mlangoni. Na namba yake ya simu.

Nikajaribu kufuta kwa kitambaa. Rangi ilikuwa mbichi, ikapakaa, nikaacha. Nikachukua ramani ya dunia, nikaifunika ile sehemu, nikaibandika kwa gundi ya karatasi pembe zote. Jasho linanitiririka. Watoto wakaanza kuingia, kila mmoja akifika mlangoni anasema "Aaa!" Mgeni aliingia wa mwisho. Alisimama katikati ya darasa akiangalia juu, mdomo wazi, mpaka nikamsukuma taratibu akakae nyuma ya mlango wa kabati.

Kengele. Mwalimu Mkuu. Nyuma yake mkaguzi: mwanamume mrefu, mkimya, kalamu moja. Watoto wakasimama, wakasalimia. Nikawakaribisha kwenye viti viwili nilivyoviweka mbele, karibu na dirisha, mahali pazuri penye hewa.

Mkaguzi akashukuru, akabeba kiti chake, akaenda kukaa nyuma. Kando ya kabati!

Nilianza somo. Nilichora rula ubaoni. Rula yenyewe ilipinda kidogo. Nikaeleza sentimita. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtu mwingine. Mkaguzi akanyanyua mkono, akaomba kumuuliza mtoto. Akamchagua Mdadisi. Katika watoto wote!

Akamuuliza unajifunza nini leo. Mdadisi akasimama wima, akalitoa lengo lote bila kupumua. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa. Mwalimu Mkuu akaitikia kwa kichwa. Mimi nikaanza kuona mwanga.

Akamuuliza, na utajuaje kama umejifunza?

"Niweze kupima urefu wa dawati kwa rula na kuandika jibu kwa sentimita!"

Mkaguzi akasema sawa, lakini utajuaje? Mdadisi akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Mkaguzi akamuuliza jina lake nani. Mdadisi akanitupia jicho, akakumbuka maagizo yangu, akasema, "Niweze kupima urefu wa dawati!"

Darasa likapiga makofi. Hilo sikuwafundisha.

Ndipo ramani ilipoanza kuachia. Nilisikia kabla ya kuona: krrr, pembe ya juu. Nikasogea kwa ulaini, mgongo ukutani, nikaikandamiza kwa kisogo huku nikiendelea kufundisha. Pembe ya pili ikaachia. Nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimesimama kama nguo iliyoanikwa. Mwalimu Mkuu akaniuliza kama najisikia vizuri. Nikasema hii ndiyo mbinu. Mara bara zima la Afrika likaniangukia usoni, dunia yote ikafuata, na watoto wakasoma kwa pamoja, kwa furaha, sauti ile ile ya mazoezi:

"KARIBUNI WATEJA WOTE!"

Mkaguzi alikuwa anaandika. Haikuwa sentensi fupi.

Kisha akasogeza kiti, kiwiko kikagonga mlango wa kabati, akaufunga ili umpishe. Na Mgeni akawa hapo, amekaa, mikono mapajani, kama kitu kilichosahauliwa. Nikafumba macho. Niliiona stoo. Niliona na maboksi.

Mkaguzi akamuuliza taratibu, na wewe mwanangu, unajifunza nini?

Sijawahi kusikia sauti ya mtoto yule. Ni nzito kidogo, imetulia. Akanyoosha kidole kwenye ukuta na kusoma herufi za shemeji, moja moja, hadi mwisho, hadi namba ya simu. Kisha akasema, "Leo naona."

"Siku zote huoni?"

"Pale kwenye ubao kuna weupe tu. Huwa natazama daftari la mwenzangu."

Mwalimu Mkuu alinigeukia. Siwezi kuuelezea ule uso hapa, na sitaki kujaribu. Nilikumbuka jana yake, na juzi, macho mbele, macho mbele. Kwa kweli hapo kidogo nilijisikia vibaya, kama mtu aliyekanyaga kitu kidogo gizani.

Mkaguzi akauliza lile swali la pili. Utajuaje umejifunza? Mgeni akafikiri. Hakuna aliyemfundisha la kujibu. Wakati wa mazoezi nilimtuma akaoshe madasta.

"Nikipima mimi na akipima mwenzangu, tukapata sawa."

Mkaguzi akauliza rula ziko wapi. Rula! Ziko kabatini, boksi zima, tangu mwaka juzi. Sijawahi kulifungua kwa sababu watoto huvunja vitu. Nikaanza kueleza kuhusu utunzaji wa mali ya shule, lakini Mgeni alikuwa ameshalifungua kabati, amelitoa boksi, ameshaling'oa kifuniko. Akachukua moja. Akampa jirani yake moja. Wakaanza kupima dawati, yeye kutoka huku, mwenzake kutoka kule. Hawakupata sawa. Wakabishana. Wakarudia. Mwenzake alikuwa ameanzia kwenye moja badala ya sifuri. Mgeni akaweka uso karibu kabisa na rula, akamwonyesha kwa kidole.

Basi. Watoto wote wakalivamia boksi. Wakapima madawati, mlango, ndoo, mkono wa mkaguzi. Mdadisi alipima pua yake akaiandika ubaoni. Nikapiga meza, nikasema kaeni, kaeni, tutapima kesho! Hakuna aliyenisikia. Mwalimu Mkuu akaniwekea mkono begani, akanikalisha kwenye kiti. Sauti yake safari hii ilikuwa ya kawaida, jambo lililonitisha zaidi.

"Kaa, Mwalimu. Kaa tu."

Nikakaa. Kelele zile! Na kupitia ukuta wa mbao, kwenye tundu, niliona jicho. Jicho la Bi Mstari, likichungulia kwangu.

Kengele ikalia na hakuna mtoto aliyetaka kutoka. Mkaguzi alinipa mkono, wake mkavu, wangu kama samaki. Nimekuja nyumbani kwa miguu, sioni njia. Wiki nzima nimetegemea lengo na lengo limenimaliza. Mke wangu ameniwekea chakula, akakaa karibu nami bila kuuliza. Ni mtu mwema sana akitaka.

Jumatatu, 10 Juni

Siendi stoo! Naandika tena ili nione: siendi stoo!

Mwalimu Mkuu aliniita asubuhi. Nilifika nimeshamwandalia maneno ya kuomba radhi, nusu yake nikiyamaanisha kwa kweli. Akanisomea ripoti. Mkaguzi ameandika kwamba lengo la Tatu A lilionekana vizuri kutoka kila kona ya darasa kuliko katika shule yoyote aliyokagua, na kwamba watoto walianza kujifunza pale mwalimu alipokaa. Nikamwambia Mwalimu Mkuu nashukuru, kukaa ni mbinu ambayo nimekuwa nikiifikiria. Alifunga ripoti. Akatazama dari kwa muda.

Kisha mengine. Nafasi ya taaluma amepewa Bi Mstari. Kazi yake ya kwanza ni kukaa darasani kwangu kila Jumatatu mpaka nijue kuandika lengo. Ameshaanza. Leo alikuja na kiti chake, akauliza watoto wangu wanatakiwa wafanye nini mwisho wa kipindi, nami nikamjibu watoke kwa mstari. Akaandika kitu. Ana subira ya kutisha.

Mgeni amehamia dawati la mbele. Mama yake alimpeleka kwa daktari wa macho Jumamosi, miwani itakuwa tayari wiki hii. Mama huyo alikuja mpaka darasani kunishukuru. Alinishika mikono yote miwili na machozi yakamtoka. Nilimwambia asijali, mwalimu mzuri huona mapema. Nyuma yangu Bi Mstari alikohoa. Ana kifua kibovu yule. Msichana mwenyewe alinitazama tu, halafu akaniuliza kama leo pia kuna kupima. Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini nilisema ndiyo. Tukapima. Zimevunjika rula chache.

Sasa, jambo kubwa la leo. Bi Mstari amenieleza kwamba lengo halitoshi kuandikwa. Mwisho wa somo ni lazima mwalimu apite kwa kila mtoto na kuhakiki kama amelifikia. Kila mtoto! Kila siku! Nilisikiliza nikiitikia, huku kichwani mambo yanachemka.

Nikitoka shuleni nilipitia kwa mama anayechonga mihuri karibu na posta. Nimeagiza muhuri mmoja, mkubwa, wa duara, wenye maneno LENGO LIMEFIKIWA. Nitaugonga kwenye daftari zote, kurasa zote, siku moja tu, mwanzoni mwa muhula. Baada ya hapo watoto wataandika juu yake. Nitaokoa saa ngapi kwa mwaka? Walimu wengine wataniuliza siri.

Yule mama aliniuliza mara mbili kama nina hakika kwamba muhuri unagongwa kabla ya somo. Nikamwambia watu wa ufundi mwingine hawawezi kuielewa hii kazi.

Nimechukua na wino wa akiba.